Kulala nje na watoto katika baridi ya mwezi wa saba: yale tonton mwenye diploma anapaswa kujua



Mwezi wa saba ukifika Lubumbashi, kuna kazi moja ambayo hakuna mtu anaiandikia barua ya maombi, lakini inamuangukia paka mwenye diploma. Proklamasyo imepita, shule zimefunga, watoto wanazunguka nyumbani toka asubuhi, televisheni inapiga kelele, mama amechoka. Basi siku moja jioni mkubwa wa familia anakuangalia na kusema: « We njo ulisoma, na saa hizi hauna kazi. Chukua batoto, wende nabo fasi, balale hata siku mbili, nao baone pori. » Umekuwa kiongozi wa msafara. Una watoto sita, wa miaka minne mpaka kumi na mbili, hema moja la kuazima, mabulangeti, na mbabula.

Ninaandika juu ya hiyo mbabula. Mambo mengine pia nitayagusa, lakini huyo njo adui wa kwanza, na wengi wetu tunambeba wenyewe toka nyumbani.

Kwanza tuondoe wazo moja. Kuna watu wanasema kulala mu hema na watoto ni mambo ya wazungu. Kweli, kupeleka watoto wa mji kwenye hewa ya milima kulianza kama kazi ya kupanga huko Ulaya: mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zurich alichukua watoto wa familia maskini akawapeleka Appenzell, ili wapate hewa safi na chakula. Mwaka 1907 Baden-Powell akafanya kambi yake ya kwanza ya vijana kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Lakini kwetu jambo hili lilisha kupata uraia zamani. Mangapi kati yetu walipitia Skauti, Kiro, ao Xavéri iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952? Tulilala chini ya bashi, tulipika bukari ya kuungua, tuliimba mpaka sauti ikakauka. Kambi tunaijua.

Tofauti iko fasi ingine. Kambi ya vijana ina mpango: kuna mkubwa, kuna anayeangalia chakula, kuna wa kulinda usiku, na saa ya kuoga inatolewa kwa filimbi. Safari ya familia haina filimbi. Tonton anazani tantine anaangalia watoto, tantine anazani ni tonton, kumbe wote wawili wako kwenye simu. Kwa hiyo ile elimu ambayo kwenye kambi ilikuwa kichwani mwa kiongozi, kwenye familia lazima iwe kichwani mwako wewe.

Sasa tuangalie majira. Vitabu vya Kifaransa tulivyosomea vilituonyesha likizo kubwa kama wakati wa joto: jua, kaptula, mchanga wa bahari. Kalenda yetu, ya kuanza masomo mwezi wa tisa na kufunga mwanzo wa mwezi wa saba, imefuata ile ya Ubelgiji, lakini mbingu zetu hazikufuata. Katika Haut-Katanga mwezi wa sita na wa saba ndiyo miezi ya baridi. Mvua hakuna, barabara za udongo zinapitika, nyoka hawatembei sana, na mbu wamepungua. Kwa kulala nje ni wakati mzuri kuliko mwezi wa kumi na mbili. Lakini Lubumbashi iko kwenye mita karibu 1.200 juu ya bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Mchana mtoto anatoka jasho, usiku anatetemeka.

Juu ya nini tofauti ni kubwa hivyo? Kwa sababu mbingu iko wazi. Mchana udongo unakula jua. Usiku unarudisha joto lile juu. Wakati wa mvua mawingu yanalizuia kama bulangeti. Wakati wa kiangazi hakuna mawingu, joto lote linaenda zake. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, inateremka polepole kama maji na kujikusanya mu bonde. Kwa hiyo ile fasi nzuri uliyoichagua saa nane ya mchana, kule chini, majani mabichi, karibu na kijito, njo fasi ya baridi kali kuliko zote saa kumi na moja ya asubuhi. Panda mita chache tu kwenye mteremko. Utatembea kidogo kwa kuchota maji, lakini utalala.

Kitu cha pili: baridi kubwa haitoki juu, inatoka chini. Watu wanarundika mabulangeti matatu juu ya mtoto na kumlaza kwenye bashi peke yake. Udongo unanyonya joto la mgongo wake usiku kucha. Geuza hesabu: weka vingi chini. Majani makavu unene wa mkono (yatingishe kwanza, ujue nani analala ndani), kisha mkeka, kisha bulangeti, ndipo mtoto. Kinachozuia baridi ni hewa iliyofungwa kati ya majani, na majani hayalipishwi. Matela ya sponji ikipatikana, ni nzuri zaidi.

Mtoto mdogo anapoteza joto mbio kuliko mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukiilinganisha na uzito wake. Ni hesabu ya kitu kidogo na kikubwa tuliyofanya sekondari: kikombe cha chai kinapoa mbele ya sufuria. Basi umbadilishe nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, kwa sababu jasho la mchana limebaki ndani na nguo yenye unyevu haitunzi joto. Kofia kichwani. Kuoga mtoni kuishe saa tisa ya mchana, si jioni. Na ujue alama hii: kutetemeka ni kazi ya mwili kutafuta joto. Mtoto akiacha kutetemeka kumbe bado ni wa baridi, akaanza kusema ovyo ao kulegea, hapo hali imekuwa mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mfunike pamoja na mtu mzima, mwili kwa mwili, na kama anajisikia vizuri apewe kitu cha moto cha kunywa.

Sasa tumefika.

Saa tatu ya usiku. Watoto wanalia: « Tonton, baridi inatuumiza. » Bukari ilisha kuliwa, makala kwenye mbabula yamekuwa mekundu mazuri, hakuna moshi hata kidogo. Mtu mwenye huruma anasema: tuingize mbabula ndani ya hema kidogo, watoto wapate joto, tutaitoa wakisinzia. Kila mmoja wetu alisha kusikia sentensi hii, kama si mu hema, basi mu chumba nyumbani. Na kila mwaka wa baridi habari zinazunguka mu kartiye za familia iliyokutwa asubuhi imelala, mlango umefungwa, mbabula katikati. Watu wanaanza kutafuta mchawi. Mchawi ni gesi.

Makala yakiungua kwa hewa ya kutosha, yanatoa gesi ya kaboni, ile CO2. Hewa ikiwa kidogo, yanatoa monoksidi ya kaboni, CO. Tofauti ni atomu moja ya oksijeni, lakini tofauti kwa damu ni kubwa ajabu. Hemoglobini yetu, ile inayobeba oksijeni, inashikana na CO kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni yenyewe. Kwa hiyo haihitajiki nyingi. CO inakaa kwenye kiti, haiondoki mbio, na oksijeni inakosa nafasi ya kupanda. Mtoto anapumua hewa, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Mtego wake ni huu: CO haina rangi, haina harufu, haiumizi macho. Moshi unatufanya tukohoe na kukimbia, lakini makala mekundu yasiyo na moshi, yale tunayoyaita safi, ndiyo yanayotoa CO kwa wingi. Hata yakifunikwa na majivu meupe, ukafikiri yamekufa, bado yanatoa. Na hema ni dogo. Hesabu mwenyewe: mita 2 kwa 2, urefu mita 1 na kitu, haifiki mita kyubu 5, na kwa sababu kuta zake zimelala ni kidogo zaidi. Chumba cha kawaida cha mita 3 kwa 3 ni zaidi ya 20. Kile kinachochukua muda kujaa chumba kinajaa hema mbio sana.

« Lakini tutaacha mlango wazi kidogo. » Haitoshi. Usiku wenye baridi upepo umelala, hewa haizunguki, na kwa saa ya tisa mtu ataufunga huo mlango kwa sababu ya baridi ile ile. « Lakini nitaamka kuitoa. » Hapo ndipo pabaya: dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi. Wewe mlinzi ndiye unasinzishwa. Na mtoto aliyetembea mchana kutwa akisema kichwa kinamuuma na kutaka kulala, nani atashangaa? Tutasema amechoka. Watoto wanapumua mbio kuliko sisi, kwa hiyo wanaanza mbele yetu. Kama watu wawili ao watatu ndani ya hema moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, usitafute paracétamol. Toa wote nje kwenye hewa, halafu hospitali, hata kama wanaonekana wamepona, kwa sababu dawa ya kweli ni oksijeni.

Sheria ni fupi: mbabula haiingii ndani ya hema, haiingii ndani ya gari, haiingii chini ya bashi iliyofungwa pande zote. Haiingii hata dakika tano. Joto lipatikane namna ingine: mawe ao chupa. Chukua chupa inayovumilia maji ya moto, jaza, funga vizuri, izungushe kitambaa, weka miguuni. Hiyo inabaki na joto saa nyingi na haina sumu. Gari pia lisikudanganye: kulala ndani na motere inawaka ili ipashe joto ni mbabula ile ile, tofauti ni kwamba inakunywa mafuta.

Ndugu zetu wa Goma na Sake watakumbuka hapa mazuku, na wana haki, lakini tusichanganye. Mazuku ni CO2 inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano. Hiyo ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala kwenye mashimo na fasi za chini, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo hauko. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, pua yake iko juu. Mtoto ao mbuzi anaanguka. Anayelala chini mu hema, hata akiwa mkubwa, ana urefu wa mbuzi. Kule, kuchagua fasi ya juu kunaokoa maisha, na wenyeji wanajua mashimo yao: majani yamekauka, wadudu na ndege wamekufa ndani. Uliza. Lakini CO ya mbabula si nzito. Uzito wake unakaribia wa hewa, inajichanganya kila fasi. Kulala kwenye kitanda cha juu hakukusaidii kitu.

Maji sasa. Wengi wanapenda kwenda fasi ya maji, na Katanga imebarikiwa: Lufira, ziwa Tshangalele lililofanywa na kibwawa cha Mwadingusha, ziwa Nzilo upande wa Kolwezi, maporomoko ya Kiubo, na yale ya Lofoi ndani ya parki ya Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300. (Kwa parki, mambo ya ruhusa yanapitia ICCN, na habari za usalama uzitafute kwa watu waliotoka huko wiki hiyo, si kwa picha za mwaka jana.)

Maji ya kunywa yabebe toka nyumbani, mu bidoni. Najua ni uzito. Lakini angalia: kuchemsha kunaua vijidudu, kipindupindu na vingine, na ni lazima kwa maji yoyote ya mtoni. Ila kuchemsha hakuondoi metali. Sisi tuko kwenye ukanda wa shaba na kobalti, na watafiti wa chuo chetu cha UNILU walisha kukuta metali hizo mu samaki na mimea ya bonde la Lufira ya juu, pamoja na Tshangalele. Ukichemsha maji yenye kobalti, maji yanapungua, kobalti inabaki. Kwa siku mbili mtu hafi, lakini mtoto mdogo ndiye wa mwisho kufanyiwa mtihani huo.

Kuoga ni hesabu ingine. Mamba na viboko, uliza wavuvi, wao hawana sababu ya kukuficha. Kinachosahauliwa ni bilharziosi, ambayo watu wa pwani wanaita kichocho. Konokono wadogo wa maji yaliyotulia, kwenye majani ya kando, wanatoa vijidudu ambavyo vinapenya ngozi nzima, bila kidonda, kwa dakika chache. Wanavitoa zaidi wakati jua ni kali, kati ya asubuhi ya mwisho na mwanzo wa alasiri, kumbe ndiyo saa tunaachilia watoto waoge. Kibwawa kilichotulia chenye majani ni kibaya kuliko mto unaokimbia juu ya mawe. Njia rahisi: chota maji jioni, yaache mu bidoni siku mbili, vijidudu hivyo vitakufa, watoto waogeshwe nayo. Wakitaka kabisa kuingia, iwe fasi ya mawe na maji yanayotembea, na mtu mmoja asimame akiwaangalia, jina lake limetajwa mbele ya wote, simu yake iko mfukoni mwa mwingine. Mtoto anayezama hapigi kelele wala kupunga mikono kama kwenye filamu. Anashuka kimya, na mwenzake pembeni anaendelea kucheza.

Juu ya mashua sitasema mengi. Mwezi wa kumi 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, Goma, watu mu bandari wakiona kwa macho. Kama hakuna jaketi la kuokoa kwa kila mtoto, la ukubwa wake, safari ya mashua imekwisha kabla ya kuanza. Mwenye mashua atakucheka. Acha acheke.

Chakula hakina siri: unga, ndakala, mafuta, chumvi, matunda. Moto wa kupikia uwe mbali na hema, kwenye duara lililofagiwa mpaka udongo, kwa sababu majani ya kiangazi yanashika mbio na upepo wa mwezi wa nane hauna huruma. Kuuzima ni kwa maji, koroga, maji tena. Usifunike makaa kwa mchanga: yanabaki moto chini kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto atapita hapo miguu wazi.

Mkirudi nyumbani, safari haijaisha kwa daktari. Mbu wa malaria wanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, na wachache wa mwezi wa saba wanatosha, kwa hiyo moskitero ifungwe hata ndani ya hema. Lakini kati ya kuumwa na mbu na homa zinapita kwa kawaida siku saba ao zaidi, mara nyingi mbili za wiki. Kwa hiyo homa ya siku ya pili inaweza kuwa ya mbu wa nyumbani, na ile ya wiki ya pili, wakati kila mtu amesahau safari, inaweza kuwa ya pori. Zote mbili zipimwe siku ile ile, zaidi kwa aliye chini ya miaka mitano. Bilharziosi yenyewe inachelewa zaidi: mayai yanaonekana mu choo ao mkojo baada ya wiki sita mpaka nane, na praziquantel ikinywewa mapema mno haiui minyoo ambayo bado ni michanga. Ndiyo maana, siku ya kurudi, chukua fishi ya afya ya kila mtoto na uandike nyuma yake kwa bik: tulilala fasi gani, tarehe gani, na kama aliingia mu maji. Mfirmie atakayemuona mwezi wa tisa hakuwa nanyi huko.